Ujira wa Mwenye Kung'arisha Gari



Juma hili tumeletewa suala na kijana wa kwetu Pwani ambaye riziki imempeleka bara. Anafanya kazi Ruiru, kando ya barabara kuu iendayo Thika, mahali panapooshwa na kung'arishwa magari. Kazi yake ni ya mkono: vitambaa, kopo la polishi na kopo la nta. Miongoni mwa wateja wake wamo madalali, ambao humpelekea gari linalongojewa na mnunuzi, na baadhi yao humwambia, "Lisugue hata aibu zake zisionekane." Kijana anauliza: Maalim, ujira ninaoupata kwa kazi hiyo ni halali? Anauliza kwa uchungu, kwani kwa ujira huo huo humtunza mama yake aliyebaki nyumbani.

Tumeonelea tumjibu hapa, bila ya kumtaja, kwa sababu mbili. Ya kwanza, nyumba nyingi za kwetu zina watoto katika njia ile ya Ruiru, Juja na Thika. Wako waliokwenda kusoma Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja au Chuo Kikuu cha Mount Kenya kilichoko Thika, na wako waliokwenda kutafuta kazi viwandani. Ya pili, gari lililotumika ni miongoni mwa vitu vya thamani kubwa ambavyo jamaa hununua kwa akiba ya miaka mingi, na jambo hili lamgusa mwenye kununua kama linavyomgusa mwenye kusugua.

Wanavyuoni wetu wana kanuni kwamba hukumu ya jambo ni tawi la kulifahamu jambo lenyewe. Basi kwanza natuifahamu kazi hii.

Mji wa Thika si mgeni wa magari. Kiwanda cha kuunganisha magari kiko pale tangu miaka ya 1970, kilipoitwa Leyland Kenya, na leo kinajulikana kwa jina la Kenya Vehicle Manufacturers. Mwezi wa Disemba mwaka 2016 magari ya Volkswagen yalianza kuunganishwa hapo. Barabara yenyewe ilipanuliwa na kuzinduliwa mwaka 2012, na tangu hapo biashara ya kuuza, kutengeneza na kuosha magari imeshamiri kandokando yake. Sehemu kubwa ya magari yanayouzwa ni yale yaliyotumika kwanza nchi za mbali, hasa Japani, yakashushwa katika bandari yetu ya Mombasa. Sheria huruhusu kuingizwa gari lisilozidi umri wa miaka minane. Kwa hiyo gari ambalo mnunuzi huliita jipya huwa limekwisha kupigwa na jua, mvua na matambara ya watu wengi.

Rangi ya gari haikupakwa mkupuo mmoja. Juu ya bati huja rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi ya kulainisha, kisha rangi yenyewe tunayoiona, nyeupe au buluu au fedha. Juu kabisa huja tabaka lisilo na rangi, liking'aa kama kioo, na hili ndilo linalolinda yote yaliyo chini yake. Kiwandani matabaka haya hukaushwa katika tanuri lenye joto kali. Lakini lile tabaka la juu ni jembamba mno: katika magari mengi ni kiasi cha mikroni 40 au 50, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Aghalabu ni jembamba kuliko unywele wa kichwani.

Gari hupoteza mng'aro wake kwa vikwaruzo vidogo vidogo, vinavyoonekana kama utando wa buibui gari likisimama juani. Mwanga ukianguka juu ya uso ulionyooka hurudi kwa pamoja, na jicho huuona uso ule kama kioo. Ukianguka juu ya vikwaruzo hutawanyika huku na huko, na rangi huonekana imefifia. Vingi katika vikwaruzo hivyo huletwa na wenye gari wenyewe. Udongo mwekundu wa Ruiru na Thika hutoa vumbi jingi wakati wa kiangazi, na ndani ya vumbi lile mna chembe ngumu. Mwenye kuchukua kitambaa kikavu akalipangusa gari lenye vumbi, basi amelipiga msasa pasi na kujua.

Polishi huondoa vikwaruzo kwa njia ambayo wengi hawaifahamu. Haiongezi kitu juu ya rangi. Ndani yake mna chembe laini sana za kusugulia, na chembe hizo hukata kiasi kidogo mno cha lile tabaka la juu mpaka kingo za vikwaruzo zikalingana na uso uliobaki. Nta ndiyo inayoongeza: hukaa juu ya rangi kwa majuma au miezi michache, ikaikinga na maji, jua na kinyesi cha ndege. Kwa hiyo kila mara gari linaposuguliwa kwa polishi, ngozi yake hupungua. Gari haliwezi kusuguliwa kila mwezi. Likioshwa kwa upole na kupakwa nta, kusuguliwa kwa mwaka mara moja hutosha, na mengi hayahitaji hata hivyo.

Kazi ya mkono ina adabu zake. Gari liwekwe kivulini, na bati lipoe. Lioshwe kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, kuanzia juu kwenda chini, na magurudumu yawe na kitambaa chao mbali. Likikauka, lipapaswe kwa kiganja. Kama bado ni la kukwaruza, kuna uchafu ulionata, nao huondolewa kwa ule udongo laini uliotengenezwa kwa kazi hiyo, pamoja na maji ya sabuni. Hapo tena ndipo polishi hutumika. Kiasi cha punje ya haragwe hutosha eneo la nusu ya msala. Husuguliwa kwa mistari iliyonyooka, kwenda na kurudi, mpaka polishi ikabaki kama ukungu mwembamba, kisha hupanguswa kwa upande safi wa kitambaa. Penye kingo za milango na boneti mkono huwa mwepesi, kwani hapo rangi ni nyembamba zaidi. Kitambaa kilichoanguka chini hakirudi kwenye gari mpaka kifuliwe. Mwisho hupakwa nta, nyembamba, ikaachwa ishike, ikapanguswa.

Mashine hufanya kazi hii upesi, nayo hufikia vikwaruzo ambavyo mkono hauviwezi. Lakini mashine katika mkono wa asiyejua huchoma rangi kwa joto, ilhali kazi ya mkono ni ya polepole na hatari yake ni ndogo. Gari moja likifanywa vizuri kwa mkono huchukua sehemu kubwa ya siku. Mwenye kuifanya hulala na maumivu ya mabega.

Mkono nao una mpaka. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo: ukikwama, mkwaruzo ule ni mzito, na polishi ya mkono haitauondoa. Kutu haiondoki kwa polishi, wala bonde la bati halinyooki kwa nta. Anayedai kuviondoa kwa kitambaa ameviondoa machoni tu.

Sasa turudi kwenye hukumu, nayo ina daraja tatu.

Daraja ya kwanza ni kusafisha na kuondoa vikwaruzo vyepesi kikweli. Gari lililofanyiwa hivi, ukilioshea mvua kumi, litabaki kama lilivyo, kwa sababu aibu imetoka. Hili ni halali bila ya shaka, hata kama gari latakiwa kuuzwa kesho yake. Mwenye kufua kanzu yake na kuipiga pasi kabla ya kuiuza hakumdanganya mtu.

Daraja ya pili ni kujaza. Ziko polishi zenye mafuta na vijazio, ambavyo huingia ndani ya vikwaruzo na kuvifunika. Gari huonekana jipya siku ile, na likioshwa mara chache vikwaruzo hurudi vyote. Mwenye gari akitaka kufanyiwa hivi kwa ajili ya harusi ya binti yake au safari ya Idi, hapana neno, kwani yeye ajua alichokinunua. Gari likiwa la kuuzwa, ni lazima mnunuzi aambiwe.

Daraja ya tatu ni kuficha aibu yenye kupunguza thamani au kuhatarisha mtu: kutu iliyokula ukingo wa chini ya mlango, bati lililokunjwa katika ajali likajazwa na kupakwa rangi upya, ufa uliopakwa nta ya rangi usionekane. Kuyaficha haya kwa mnunuzi ni ghishi, na ghishi ni haramu kwa ijmai ya wanavyuoni.

Dalili zake mwazijua. Katika Hadithi aliyoipokea Imamu Muslim kutoka kwa Abu Huraira, Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye chungu ya chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikapata maji. Alipomuuliza mwenye mali, huyo alijibu kwamba ni mvua iliyonyesha. Mtume akamkemea kwa kutokiweka juu kile kilichorowa ili watu wakione, na akatangaza kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Tazameni kwamba hakumlaumu kwa mvua. Mvua ni kadari, kama ajali na kutu zilivyo kadari. Lawama ilikuwa ni kuweka kikavu juu.

Dalili ya pili iko karibu zaidi na gari. Waarabu walikuwa na desturi ya kumwacha mbuzi au ngamia siku kadhaa bila ya kumkama, ili kiwele kijae na mnunuzi adhani kwamba huyo ni mwenye maziwa mengi. Mtume alilikataza jambo hilo, na akampa mnunuzi hiari ya siku tatu: akipenda abaki naye, akipenda amrudishe pamoja na pishi ya tende badala ya maziwa aliyoyakama. Maziwa yale yalikuwa ni ya kweli, na kiwele kilikuwa cha kweli. Kilichokuwa cha uongo ni sura iliyopangwa ili imdanganye mnunuzi. Gari lililojazwa vikwaruzo na kufunikwa kutu usiku wa kuamkia mauzo ni mbuzi yule yule.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 yakataza kumwelezea mnunuzi bidhaa kwa namna ya uongo au ya kupotosha. Dalali asidhani kwamba haya ni mambo ya msikitini pekee.

Je, kijana wetu ana dhambi gani, naye hakuuza? Kitabu cha Mwenyezi Mungu kimetuamrisha kusaidiana katika wema na kimetukataza kusaidiana katika dhambi. Ajuaye kwamba kitambaa chake ndicho chombo cha udanganyifu, akakichukua, ana fungu lake. Asiyejua hana, wala hatakiwi kumpeleleza kila mteja. Basi tunamwambia: ujira wako wa daraja ya kwanza ni safi, ule ukashibe. Wa daraja ya pili ni safi maadamu mwenye gari ni mtumiaji, au ameahidi kumweleza mnunuzi nawe huna sababu ya kumshuku. Wa daraja ya tatu uuache. Na uliyoyapokea zamani ukijua, tubu, na kiasi unachokikisia ukitoe kidogo kidogo kuwapa wahitaji. Na kama wamfahamu mnunuzi aliyepewa gari lenye hatari, mfikishie habari, kwani roho za watu zimo ndani yake.

Twajua kusema ni rahisi kuliko kutenda. Dalali akikasirika huenda kwa mwingine hatua ishirini mbele, na siku hiyo chungu cha nyumbani hupungua. Kwa hiyo tunampa kijana njia ya kusema pasipo ugomvi. Amwambie mteja kabla hajashika kitambaa: "Haya nitayaondoa, na haya siwezi kuyaondoa." Apitishe ukucha mbele yake, amwonyeshe. Kisha aandike katika karatasi kazi aliyoifanya na aibu alizoziacha, ampe nakala. Mteja mwenye haki hatachukia karatasi ile, na huenda akaitumia kumtuliza mnunuzi. Asiyeitaka amekwisha kujieleza mwenyewe.

Nawe mnunuzi, dini haikukutaka uwe mjinga. Twawaambia hasa akina mama, kwani wengi wenu leo mwanunua magari kwa jasho lenu, la kupelekea watoto madrasa na shule au la biashara, na wako wauzaji wanaodhani kwamba mwanamke hutazama rangi tu. Tazama rangi, lakini itazame kwa ilimu. Usikague gari jioni, wala likiwa limerowa, kwa kuwa maji huficha vikwaruzo. Simama ubavuni mwake mchana, uangalie jinsi paa la nyumba au waya wa umeme unavyojionyesha juu ya milango; mstari ukipinda ghafla, bati lile liliwahi kukunjwa. Linganisha rangi ya mlango na ya mlango ulio jirani yake. Chungulia mipira ya madirisha uone kama ina alama za rangi iliyorushwa. Chukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, uipitishe juu ya bati. Mahali inaposhika kwa unyonge huenda pamejazwa, ingawa sehemu za plastiki na za alumini haziishiki kabisa. Inama utazame ukingo wa chini wa milango, na uinue zulia la buti. Gari lililoishi miaka mingi Pwani, penye hewa ya chumvi, likapelekwa kuuzwa bara, huanza kutu hapo. Kisha muulize muuzaji mbele ya shahidi: "Gari hili lina aibu gani?" Nenda na fundi wako, si fundi wake.

Yako mambo mawili yamebaki. La kwanza ni maji. Mpira ulioachwa wazi humwaga maji mengi kupita yale ambayo kazi inayahitaji, ilhali ndoo mbili tatu za lita 20 hutosha gari dogo lisilo na tope. Tuna Mtume aliyetawadha kwa kibaba kimoja cha maji. Na tusidhani kwamba maji yale ya sabuni na mafuta hupotea huko huko bara. Mto Thika huingia Mto Tana, nao huja kumwaga baharini karibu na Kipini. Mto Ruiru huteremka hadi Athi, ambao kwetu huitwa Sabaki, na huingia baharini kaskazini ya Malindi. Na kandokando ya Sabaki, pale Baricho, ndipo yalipo maji yanayoletwa Malindi, Kilifi na Mombasa. Maji machafu yamwagwe penye shimo au bustani, yasielekezwe mtoni.

La pili ni haki ya mwenye kusugua. Tumetaja siku nzima ya mabega kuuma. Ziko habari za wenye magari ambao hupatana bei asubuhi, na jioni, gari lishang'ara, huanza kutafuta mkwaruzo mmoja ili wapunguze malipo. Mtume ametuagiza tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Mwenye kumnyima kijana haki yake asije akashangaa siku kijana yule akikubali maneno ya dalali.

Nanyi akina mama mliowapeleka vijana wenu mbali, waulizeni namna wanavyopata kabla ya kuwauliza wamepata kiasi gani. Na kijana akikuletea kidogo wiki hii kwa sababu amekataa kazi ya haramu, mpokee kwa uso mkunjufu na umwombee dua, ili aweze kuikataa tena wiki ijayo.

Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, na kwake tunaomba tawfiki. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.